Risasi Zisizogoma

Akalla, 15 Februari 1987

Mdogo wangu Cyprian,

Salamu kutoka huku mwisho wa reli ya bluu, ambako theluji imekuwa chafu tangu Krismasi na hakuna anayejali kuiondoa. Sisi ni wazima. Binti yangu Noeline ametimiza miaka kumi na mmoja. Namuuliza kwa Kiswahili, ananijibu Kiswidi, na tumezoeana hivyo. Mimi bado naosha mabehewa ya treni zamu ya asubuhi. Mgongo unauma na sitaki kuuzungumzia.

Habari yenyewe ni hii: kibali kimetoka. Polisi walikaa na karatasi zangu wiki tisa, wakaniita mara mbili kuniuliza nilikuwa askari wa aina gani kwetu. Nikawaeleza kwamba nililinda wanyama, sikulinda serikali. Jumamosi nilikwenda Farsta na mzee Rune, yule tunayefanya naye kazi, nikatoka dukani na bunduki mpya kabisa ya kuwindia, ile inayojipakia yenyewe kila ukifyatua. Miaka kumi na minne nilikuwa katika ulinzi wa wanyamapori na sikuwahi kushika bunduki mpya. Zetu zilikuwa za Waingereza, zimepigana vita ya Hitler kabla ya kuletwa kwetu. Nilipofika nyumbani nilikaa nayo mapajani bila kuvua koti.

Sasa nimekwama kwenye risasi. Rune anasema bunduki za aina hii zina maringo, zinachagua chakula kama mtoto aliyedekezwa. Dukani ziko aina kama kumi na mbili na bei zake hazifanani kabisa. Za bei kubwa siwezi kuzimudu kwa mazoezi. Wewe unaziuza kila siku huko kaskazini, kwa hiyo niambie: ipi ni rahisi na haigomi? Bei nitaizungumza baadaye. La kwanza ni isigome.

Ulisema kiongozi wa kikundi chenu cha uwindaji amekubali nisimame jirani na wewe siku ya kwanza ya msimu, Jumatatu 7 Septemba. Sina kingine ninachokingojea mwaka huu. Ndugu zangu wamekwisha au wametawanyika, na katika nchi hii yote wewe tu ndiye unayeniita kaka.

Wako,
Erisa Ssali


Östersund, 3 Machi 1987

Kaka Erisa,

Hongera, na pole kwa mgongo ambao hutaki kuuzungumzia. Mwalimu anamwuliza mwanafunzi! Wewe ulishika silaha miaka yote hiyo, mimi nimejifunzia hapa nyuma ya kaunta, kwa Waswidi wanaonusa baruti kabla ya kuilipia. Marehemu kaka Ignatius aliniandikia zamani, nikiwa bado shule, kwamba pale kituoni kwenu Kabwera yupo Mganda mmoja wa Masaka, akiitikisa bunduki anajua inaumwa wapi. Basi Mganda huyo leo ananiuliza mimi.

Samahani kwa kulitaja jina lake. Najua wiki ile majangili walipomwua ulikuwa likizo kwenu Masaka, na najua bado inakuuma kwamba hukuwepo.

Haya, sikiliza. Usinunue nyingi kwa mara moja. Chukua pakiti moja moja za aina tatu au nne, nenda uwanja wa shabaha, ilishe bunduki kila aina, taratibu. Tazama mambo mawili tu: je, inazimeza na kuyatema maganda bila kukwama, na je, matundu yanakaa pamoja? Bunduki yenyewe itakuambia inapenda ipi. Ukishaijua, nunua pakiti nyingi za aina hiyo zenye namba moja ya kiwanda, usichanganye.

Kwa mazoezi chukua zile za kichwa kigumu, ni rahisi. Lakini kwa älg, yule mnyama wao mkubwa, sheria inataka kichwa laini kinachopanuka ndani ya nyama. Kigumu kinapita moja kwa moja, mnyama anakwenda kufa kilomita tano mbele, nasi tunamtafuta siku mbili huku tukitazamana vibaya. Hizo laini usizibanie. Unahitaji ishirini tu kwa msimu mzima.

Zipo pia za jeshi za zamani, rahisi kama karanga. Usizisogelee. Hujui zimelala stoo gani. Risasi ikishaonja maji, hata ukiikausha ikang'aa, huiamini tena. Zako ziweke pakavu, juu, mbali na sakafu.

Mke wangu anakusalimu. Noeline mwambie kuna kitanda chake hapa.

Mdogo wako,
Cyprian


Akalla, 12 Aprili 1987

Cyprian,

Asante. Nimefanya ulivyosema. Rune alinipeleka uwanja wa shabaha karibu na Tumba, Jumapili tatu mfululizo, mvua na upepo. Nimejaribu aina nne. Moja inakwama kila baada ya risasi sita au saba, nimeiacha. Mbili zinakwenda. Ya nne, ya bei ya chini kuliko zote, inamezwa vizuri na matundu matano nayafunika kwa kiganja.

Nimepiga mia na ishirini za aina hiyo. Hakuna iliyogoma. Nitapiga mia nyingine kabla ya kuamini. Rune ananicheka kwa sababu kila moja naitoa kwenye pakiti, naigeuza, naitazama fataki pale nyuma, halafu naitikisa sikioni. Anasema watu wa nyuma yetu kwenye foleni wanadhani nasali. Mwache aseme.

Niulize jambo moja. Kiwandani, wanajuaje kwamba zote ni nzima? Wanapiga ngapi katika kila elfu? Na dukani kwenu zinakaa wapi, mbao au saruji? Usinicheke, nijibu tu.

Nimechoka wiki hizi. Nalala saa moja na nusu usiku kama kuku, na bado naamka mchovu.

Erisa


Östersund, 4 Mei 1987

Kaka,

Nilijua Waganda wanapenda ubahili, lakini wewe umevuka mpaka. Unataka bei ya maji na dhamana ya Mungu. Zinakaa juu ya rafu za chuma, na kuna joto la umeme. Kiwandani wanapiga chache katika kila fungu, ngapi sijui. Mia na ishirini hazikugoma, unataka nini tena? Ziandikiwe cheti cha ubatizo?

Nina habari ya nyumbani. Mama amerudi kutoka kambini upande wa Sudan. Yuko kwenye kiwanja chetu karibu na Arua, nyumba haipo lakini kiwanja kipo. Padri wa parokia ameniandikia kwa niaba yake. Ana afya, ila macho yanapungua. Na bado wanamsema. Umepita mwaka wa nane, watu wamekufa kwa maelfu, vijiji vimeungua, lakini ile hadithi ya Ignatius haijaungua: kwamba majangili walimkuta na risasi zake zote tano na hakufyatua hata moja. Mwanamke mmoja alimwambia kisimani kwamba alizaa sungura, si mwanamume.

Samahani, leo sina utani zaidi ya ule wa juu.

Cyprian


Akalla, 31 Mei 1987

Cyprian,

Jana moja imegoma. Ya mia moja na tisini na nne. Nilivuta, nikasikia mlio mdogo wa chuma, basi. Sheria ya uwanja ni kusubiri nusu dakika mtutu ukiwa mbele, ndipo uitoe. Rune anasema nilisubiri dakika tano na sikuitika nilipoitwa. Ilibidi aniondoe vidole mwenyewe, kimoja kimoja.

Nitaiuza bunduki. Mwombe radhi kiongozi wenu. Septemba sitakuja.

Erisa


Östersund, 14 Juni 1987

Kaka Erisa,

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta sababu na sijaiona. Moja imegoma katika mia mbili! Hiyo hutokea. Inatupwa, inaingizwa nyingine, mtu anaendelea. Tena ni ya mazoezi. Za kuwindia ni aina nyingine kabisa. Nimeshakuwekea pakiti mbili chini ya kaunta. Hii si sababu ya mtu mzima kuuza bunduki.

Ngoja nikuambie kwa nini nilikualika, maana naona nimeficha mno. Huku nimeingia katika kikundi hiki mwaka wa sita sasa. Mwaka juzi älg dume alitoka kwenye vichaka hatua thelathini kutoka nilipo, nikasimama, nikapiga, akaanguka. Wazee walinipiga mgongoni, nikarudi kwenye gari nikalia, wakadhani ni furaha. Nilikuwa nafikiria tu kwamba nimevuta. Mkono haukuganda. Tangu 1979 nimekuwa nikijiuliza kama katika familia yetu kuna kitu kinachoganda.

Wewe ulimjua. Ulifanya naye kazi, ulikula naye. Nilitaka mtu mmoja aliyemjua kaka asimame pembeni yangu, aone, halafu siku moja nikimpeleka mama, mtu huyo amwambie kwamba sisi si waoga. Ndiyo hiyo tu. Sikutaka nyama.

Ukiwa umechoka, sema umechoka. Lakini usinisingizie risasi.

Cyprian


Akalla, 9 Agosti 1987

Cyprian,

Nimeianza barua hii mara nyingi tangu Juni. Leo naimaliza, hata ikiwa mbaya.

Sikuwa likizo. Nilikuwa Kabwera wiki ile yote, na mtunza stoo ya silaha nilikuwa mimi. Nilikudanganya siku ya kwanza tulipoonana kanisani Farsta, ulipokuwa umenishika mkono kwa mikono yako yote miwili ukiniuliza kama nilikuwepo. Nilisema Masaka kwa sababu ndilo neno lililokuja. Baada ya hapo sikupata pa kulirudisha.

Machi mwaka ule mvua iliingia stoo. Sanduku moja la risasi lilikuwa sakafuni, na niliyeliweka pale ni mimi, kwa uvivu wa kulinyanyua. Lilikaa ndani ya maji siku tatu kabla sijaona. Sheria ilikuwa niandike taarifa na risasi zitupwe. Lakini vita ilikuwa imefika, na mtu aliyepungukiwa risasi mwaka ule alisemwa amewauzia majangili au waasi, na aliyesemwa hivyo hakuulizwa mara ya pili. Niliogopa. Nikazianika juu ya bati, nikazipangusa moja moja kwa kitambaa mpaka zikang'aa, nikazirudisha sandukuni, nikapandisha sanduku juu ya meza. Nilijiambia kwamba zimekauka.

Mei Ignatius alikuja dirishani kuchukua risasi za doria. Kila mlinzi alipewa tano. Nilimpa kutoka sanduku lile. Sikuwa na kinyongo naye, ndilo sanduku lililokuwa wazi. Alinitania kwamba nazihesabu kama bibi anayeuza mayai.

Kesho yake walimleta. Mwenzake alikuwa upande wa pili wa kijito na alisikia bunduki za majangili tu. Pamoja na mwili zililetwa risasi tano, maana kwetu kila risasi na kila ganda lazima lirudi stoo, hata mtu akifa. Ziliokotwa nyasini karibu na mkono wake wa kulia. Nilizitazama chini ya taa. Kila moja ilikuwa na kidonda katikati ya fataki, pale pini inapogonga. Wewe unauza risasi, unajua maana yake. Alivuta, ikagoma. Akaitoa, akaingiza nyingine, akavuta. Mara tano. Alifanya hivyo huku wao wanampiga.

Kitabu cha stoo kilikuwa na safu mbili: zilizotumika na zisizotumika. Safu ya zilizogoma haikuwepo. Ningeweza kuandika pembeni. Niliandika tano chini ya zisizotumika, nikatia sahihi, nikazitupa chooni. Ofisi ilisoma kitabu changu ikaandika kwamba mlinzi hakupigana. Maneno yanayomfuata mama yako mpaka kisimani yametoka kwenye kalamu yangu.

Sasa unajua kwa nini nazitikisa. Nilifikiri nikipata risasi zisizogoma, nikisimama pembeni yako na zikalia zote, kitu fulani kitakaa sawa bila mimi kufungua mdomo. Huo nao ulikuwa ubahili.

Sikuulizi unanionaje.

Erisa Ssali


Östersund, 27 Agosti 1987

Ssali,

Niliisoma kazini nimesimama kati ya rafu, ikabidi nimwambie tajiri wangu naumwa. Nimekaa nayo siku kumi. Nimekuandikia matusi karatasi nne, nimezichana, kwa sababu mke wangu alisema nikizituma nitajisikia vizuri siku moja tu.

Kuhusu sanduku lililoloa sina maneno. Uliogopa. Mwaka ule tuliogopa sote, mimi nilijificha ndani ya shamba la mihogo siku mbili. Huenda nikizeeka nitaweza kulisamehe hilo.

Kitabu ndicho kinachonishinda. Miaka mitano umekula mezani kwangu. Umenisikia nikimtetea kaka yangu mbele ya watu, bila ushahidi, mpaka sauti inakauka, na ushahidi umekaa upande wa pili wa meza unaomba chumvi. Nililia ndani ya gari la Waswidi nikijiuliza kama damu yetu inaganda. Ungeniambia neno moja tu.

Septemba usije. Nafasi yako nimempa mtu mwingine.

Kuna kazi moja. Mwandikie mama. Tumia jina lako kamili, na cheo ulichokuwa nacho, la sivyo watasema ni Cyprian amejitungia. Andika maneno mepesi. Kiswahili chake ni cha sokoni na cha kambini. Padri ataisoma baada ya misa, watu wote wakiwa wamekaa, na yule mwanamke wa kisimani awepo. Usiombe msamaha ndani yake. Usieleze jinsi ulivyoogopa, wala mateso yako ya huku. Barua hii ni ya Ignatius, wewe ni karani tu.

Ukishaituma niandikie tarehe. Mengine tutaona.

Cyprian Adriko


Akalla, Jumatatu 7 Septemba 1987

Mama Agripina,

Jina langu ni Erisa Ssali. Mwaka 1979 nilikuwa mtunza stoo ya silaha katika kituo cha Kabwera, ambako mwanao Ignatius alikuwa mlinzi wa wanyamapori. Naomba barua hii isomwe kwa sauti na isomwe yote.

Watu waliambiwa kwamba Ignatius aliuawa akiwa na risasi zake zote tano, bila kupigana. Si kweli. Mimi ndiye niliyempa risasi hizo. Zilikuwa mbovu. Ziliingia maji kwa uzembe wangu, nami nilijua, na sikumwambia.

Majangili walipomjia alisimama, akaelekeza bunduki, akavuta. Risasi haikulia. Akaitoa, akaweka ya pili, akavuta. Haikulia. Akaweka ya tatu. Haikulia. Akaweka ya nne. Haikulia. Akaweka ya tano. Haikulia, na nyingine hakuwa nayo.

Najua hivyo kwa sababu risasi hizo zilirudishwa kwangu, nikazishika kwa mkono wangu. Zote zilikuwa na alama mahali bunduki inapogonga. Alama hiyo haiwezi kuwepo kama mtu hakuvuta. Na zote ziliokotwa mahali pamoja, karibu na mkono wake. Hakurudi nyuma hata hatua moja.

Kitabuni niliandika kwamba hazikutumika. Niliandika uongo, nao ndio mlioambiwa.

Cyprian amenikataza kuomba chochote katika barua hii, kwa hiyo siombi.

Erisa Ssali
Mtunza stoo ya silaha, Kabwera